Mita Tisa za Kasungami

Nafundisha hesabu mwaka wa kumi na nne sasa. Jirani yangu Mama Esther, muuza unga wa mahindi, hakumaliza hata shule ya msingi. Nayasema haya ili mnicheke vizuri.

Kiwanja changu huku Kasungami kilikuwa mraba, mita ishirini kila upande, na chake kinapakana nacho ubavuni na nyuma. Jumamosi alikuja akitafuta njia ya kupitisha gari la unga.

"Prof, unipe mita tatu za ubavuni, nami nikuongezee mita tatu za nyuma. Iko sawasawa?"

"Iko sawasawa kabisa!" nikajibu mbele ya shefu wa mtaa.

Mke wangu akasema tupime kwanza. Nikamwambia asinifundishe kazi yangu, nikatia sahihi.

Jumatatu nilifundisha tofauti ya miraba. Nikaandika ubaoni: (20 + 3)(20 − 3).

"Msizidishe kama watu wa sokoni," nikajigamba. "Ishirini mara ishirini, mia nne. Toa tatu mara tatu. Mia tatu tisini na moja!"

Chaki ikanigandia mkononi. Ishirini na tatu kwa kumi na saba ndicho kiwanja changu kipya, na cha zamani kilikuwa mia nne.

Darasa likaanza kunong'ona. Ndipo Esther, binti wa jirani yangu, akanyoosha kidole.

"Prof, zile mita tisa iko kwetu. Mama alipima na kamba Ijumaa."