Siku Geti Langu Liliponivua Masikio

Mke wangu amenikataza kuisimulia habari hii mbele ya wageni, lakini ninyi si wageni, na heri muisikie kwangu kuliko kwa wambea wa Katwe wanaoiongezea chumvi kila siku. Ndiyo, ni mimi yule aliyeaibika kanisani kule Kansanga. Chekeni sasa mmalize.

Mnanijua. Shule niliiacha darasa la nne, baba yangu alikuwa askari asiye na kitu, lakini leo ukitaja mageti Kampala hii lazima utaje jina langu (asiyelitaja ana wivu). Nyundo na grainda ya kukatia chuma ndizo zilizonipa nyumba ya ghorofa, na ndizo zilizonila masikio, yote mawili, mpaka nikawa sisikii kabisa. Nikauza kiwanja, daktari akanipasua nyuma ya masikio akapandikiza mitambo yake, sumaku chini ya ngozi kila upande, na juu yake nabandika kidude cha duara chenye sumaku pia, kama kifungo kikubwa cha koti, ndicho kinachokamata sauti. Kikikaa mahali pake nasikia mpaka mafuta yakichemka jikoni. Kikitoka, mimi ni jiwe.

Washindani wangu wakatangaza kwamba kiziwi hawezi kupokea oda. Kwa hiyo Pasta Bahati, Mkongo mwenye kanisa jipya, aliponipa kazi ya geti na kusema, "Papa, likitupendeza Jumapili, milango na madirisha yote ni yako," nikajua hapo ndipo nitakapowafunga midomo.

Jumapili asubuhi Mama Apio, mke wangu, akaniletea mkanda wa kichwani wa kushikilia vidude. "Vaa, unakwenda kwenye chuma." Nikamwambia fundi mkuu hasimami mbele ya watu kama mtoto wa netiboli. (Nilikuwa nimenyoa, nimepaka mafuta, nilipendeza, tuseme ukweli.)

Basi ibada ikaisha, watu wote wakatoka nje kuliona geti, nikaanza kujisifu. Nikawaambia limenyooka kama wembe, na ili waamini nikalaza kichwa kwenye chuma nikachungulia kutoka mwanzo hadi mwisho. Nilipojivuta, kidude cha kulia kikabaki kimenata getini. Nikageuka haraka kukikamata kabla watu hawajaona, upande wa kushoto ukagusa chuma, na cha pili nacho kikaenda! Kimya. Halafu mlinzi wa kanisa, aliyedhani nimemaliza, akalisukuma geti likateleza nyuma ya ukuta pamoja na masikio yangu yote mawili.

Nikainua mikono juu kumzuia. Kumbe (haya niliambiwa baadaye) mama mmoja wa kwaya aliona vidude vimetoka na mikono imeinuka, akapaza sauti kwamba nimepona! Mimi niliona tu watu wanaruka, akina mama wanalia, Pasta ananishika kichwa na kuniuliza jambo, nikasema moyoni, jamani, banange, wamelipenda geti! Nikaitikia kwa kichwa, ndiyo, ndiyo, nikapiga kelele, "Na bado! Ngojeni madirisha!" Nikainama kama waziri anayepigiwa makofi. Nikacheza, tena kwa kiuno.

Mama Apio ndiye peke yake ambaye hakucheza. Alizunguka ukuta, akavibandua, akanibandika cha kulia, na sauti ya kwanza kuingia ilikuwa ya Pasta kwenye maikrofoni: "Alikuwa kiziwi, sasa anasikia bila mashine! Papa, toa ushuhuda!"

Nikapewa maikrofoni. Nikikana, nimemwaibisha Pasta mbele ya waumini wake na madirisha yamekwenda. Nikikubali, ni uongo mbele ya Mungu. Mama Apio, cha kushoto kikiwa bado mkononi mwake, akaninong'oneza, "Danganya uone kama utakipata hiki."

"Bwana asifiwe," nikasema.

"Amina!"

"Pasta, mimi bado kiziwi. Ni geti lililonivua masikio."

Kimya kile nilikisikia vizuri kwa sikio moja. Kisha mtu mmoja nyuma akaangua kicheko, wakamfuata wote, hata mlinzi. Pasta naye alicheka, lakini kwa meno tu.

Geti wanalisifu hadi leo. Milango na madirisha? Wazee wa kanisa waliketi wiki ileile wakaamua yote yawe ya mbao. Nami nimeapa: kazi yangu nitaionyesha kwa kidole, nikiwa nimesimama mbali, na siku nyingine nikiona watu wananishangilia, nitauliza kwanza ni kwa nini ndipo nicheze.