Aliyewatandikia Panya Pamba

Alhamisi tumemzika jirani yangu, yule bwana aliyehesabu panya, na niseme wazi: miaka mingi nilimwona mpumbavu. Kazi ya misitu alishastaafu, lakini hata vita ilipokuja hakuacha kupanda mlimani, kwenye miti iliyo juu ya mtaa wetu wa Gihosha, kutega panya mdogo wa porini, mwenye mkia wa manyoya, anayelala kwenye matundu ya miti. Mitego yenyewe visanduku vya bati. Mlango unajifunga, mnyama haumii. Jioni anamwekea ndizi, karanga, na pamba ya kulalia asife kwa baridi. Pamba! Asubuhi anampima mkia, anampunguza manyoya mgongoni iwe alama, kisha anamwachilia. Na mimi jikoni kwangu nawafukuza wa kwangu kwa ufagio.

Asubuhi moja akaja kwangu mbio, daftari lake kwapani. Askari walikuwa wamefunga njia ya mlimani, na mitego yake ilikuwa huko tangu jana. Jua likipanda, bati lingewapika waliomo. Alinifuata mimi kwa sababu askari wale walikula mandazi yangu kila siku.

“We mutu muzima unalilia panya?”

“Mi ndiye niliwafungia, Mama. Nisipoenda, ni mi nimewaua.”

Nikajifunga kitenge, tukaenda.

Pale kizuizini mkubwa wao akaniuliza, “Mama, huyu anaenda wapi?”

“Kufungulia panya.”

“Ya kukula?”

“Apana, shefu. Ya kupima mukia.”

“Na akishapima?”

“Anawaacha waende.”

Walicheka mpaka mmoja akakalia magunia ya mchanga. Mkubwa akasema atatusindikiza mwenyewe, maana mwongo angetunga kitu bora kuliko hicho.

Tulikuta wanne, wazima wote. Shefu akaomba kumshika mmoja, akang'atwa kidole, akaruka na bunduki yake mgongoni huku akimwita mama yake. Jirani yangu hata hakucheka. Alikuwa anapekua daftari. “Yule jike mwenye alama mbili hayupo,” akasema. “Wiki ya pili hii. Shefu, vijana wako hawakumuona?”

Hapo kicheko changu kilikatika. Miezi ile watu walikuwa wanapotea mitaani kwetu, na sisi tulishajifunza kufunga midomo, tusiulize waliko. Shefu akatazama chini, akajibu kwa adabu kabisa kwamba apana, hawakumuona.

Mimi shule sikukaa sana, ila somo lile nililielewa. Nyumba ya mwenzio ikikaa kimya siku mbili, nenda. Gonga. Muulizie kwa jina lake, na wakicheka, waache wacheke.