Jina Asilotaka Kuliandika Mama Owen

Perpetua alikuwa na mwandiko wa kuringia, nawaambia. Herufi zake zimenyooka, hazikanyagani, hata bibi kizee asiyevaa miwani anazisoma. Ndiyo maana kigango cha Mtakatifu Ana, kule upande wa Kililana, kilimpa ukatibu mwaka uleule aliohamia na mumewe Bonifasi kutoka Malindi, na hakijamvua mpaka leo. Huandika watoto wa kubatizwa na wagonjwa wa kutembelewa padre akija, maana padre mwenyewe huja mara moja kwa mwezi, tena barabara ikiruhusu. Na kila Oktoba ikielekea ukingoni, huandika orodha ya marehemu. Novemba ni mwezi wa kuwaombea wafu. Kila nyumba huleta majina, Perpetua huyaandika, na siku ya misa yeye ndiye huyasoma, moja moja, na kuongoza kiitikio.

Msidhani ilikuwa kazi ya huzuni. Watu walimjia jikoni, wakanywa chai, wakabishana kama marehemu babu yao alibatizwa Petro au Paulo. "Nyinyi!" Perpetua aliwachapa kwa maneno. "Mbuzi wa matanga yake mlimmaliza mpaka mifupa, jina lake hamlijui?" Wakacheka, naye akacheka.

Hayo yalikuwa kabla ya Owen kupotea.

Owen alikuwa mtoto wao mmoja tu, aliyepatikana baada ya miaka tisa ya Perpetua kusemwa na mawifi. Jumanne moja asubuhi alipanda pikipiki ya rafiki yake Khatib, mwana wa Bi Thuwaiba wa Mokowe, kupeleka gunia la korosho Witu. Hawakufika. Pikipiki ilikutwa kando ya barabara, imesimamishwa vizuri, gunia limefungwa vilevile. Wengine walisema wamechukuliwa na watu wa msituni. Wengine walisema ni gari lisilo na namba. Kila mtu alikuwa na lake la kusema, na hakuna aliyekuwa na vijana.

Wale mama wawili walitafuta pamoja. Walizunguka vituo vya polisi, hospitali, vyumba vya maiti mpaka Mombasa. Mmoja alishika rozari, mwenzake tasbihi, na walipolala kwa jamaa walilala kitanda kimoja. Uchungu wa mwana aujua mzazi, na hao waliujua wote wawili.

Novemba ya kwanza ikaja, na ya pili. Perpetua aliandika wafu wa kigango kizima, wa kwake hakumwandika. Bonifasi hakumlazimisha. Ya tatu ilipokaribia, akashindwa kuvumilia.

"Mama Owen, mwandike," alisema, chakula hakijaguswa. "Kama amekufa, yuko toharani miaka mitatu na hakuna anayemwombea. Hata babake mzazi hamwombei! Wewe unalalaje?"

"Mtu aliye hai haombewi raha ya milele."

"Na kama si hai?"

"Ng'o! Siandiki, Baba Owen. Kalamu ni yangu."

Hakuwa na ukatili, jamani, msimhukumu. Aliogopa tu. Aliona kwamba siku atakapoliandika lile jina kwa mkono wake, Owen atakuwa amekufa kweli, na aliyemuua ni yeye.

Wiki hiyohiyo Bi Thuwaiba akavuka shamba kuja kwake, buibui limejaa vumbi. Hakukaa.

"Mama Owen, nimekuya kukwambia mwenyewe, usisikie kwa watu. Ijumaa twamsomea Khatib hitma."

Hitma ni kisomo cha kumwombea aliyefariki. Perpetua alilijua hilo vizuri.

"Mmepata habari gani? Nani amewaambia?"

"Hapana aliyetwambia. Mato yangu yamechoka kutizama ndia, basi. Akirudi mzima, Alhamdulillahi, hitma haitamdhuru."

"Itanidhuru mimi!" Perpetua alipiga kelele mpaka kuku wakatawanyika. "Walipanda pikipiki moja, Bi Thuwaiba! Moja! Ukimzika wako, na wangu umemfukia. Nani kakupa ruhusa ya kumfukia wangu?"

"Dada yangu..."

"Usiniite dada. Nenda zako!"

Bi Thuwaiba akaondoka bila hata kunywa maji. Perpetua akaketi chini pale pale, akalia mpaka sauti ikakauka, na Ijumaa hakwenda Mokowe.

Jumapili padre akafika. Kanisa lile la mabati likajaa, joto halisemeki. Baada ya mahubiri Perpetua akasimama mbele na karatasi yake. Majina arobaini na matatu. Kila akisoma moja aliongoza, "Umpe raha ya milele, ee Bwana," na watu wakaitika pamoja naye. Aliyamaliza yote, akaikunja karatasi.

"Owen Mkala."

Ilikuwa sauti ya Bonifasi, upande wa wanaume. Amesimama, ameshika benchi la mbele.

Padre akamtazama Perpetua, na watu wote wakamtazama, maana hakuna aliyethubutu kumtangulia katika kiitikio.

"Owen Mkala," Bonifasi akarudia. "Mwanangu. Niitikieni, jamani."

Hakuketi. Ilikuwa wazi hataketi mpaka aitikiwe. Perpetua akafungua kinywa apige ukelele kwamba yu hai, kwamba huyu mzee amerukwa na akili. Neno alikuwa nalo tayari kooni. Lakini kinywa kilikuwa kimezoea kazi moja pale mbele, mwaka baada ya mwaka, jina baada ya jina.

"Umpe raha ya milele, ee Bwana."

Na kanisa zima likaitika.

Wanawake waliwahi kumdaka kabla hajafika sakafuni. Bonifasi aliketi, uso mikononi, akilia kilio alichokizuia miaka mitatu. Padre alisimama tu altareni, asijue aendelee au angoje. Na Perpetua, mikononi mwa wenzake, alikuwa akirudia lilelile, hasikii la kuambiwa:

"Nimemzika, jamani. Nimemzika mwanangu, na kaburi lake silijui."