Nyota Tano kwa Bosi

Ndugu zangu, vidole vilivyoandika ni vyangu, sina wa kumsingizia. Bosi wa gesti ninayofanya kazi hapa Mikumi aliagiza kila mhudumu aisifu gesti mtandaoni kwa jina lake kamili, na asiyemwonyesha simu asitoke zamu. "Msiandike tu pazuri," akasema. "Toeni mfano."

Wenzangu waliandika maneno mawili matatu. Mimi, mjuaji, nikatunga: "Nilipofiwa na baba mdogo, bosi aliniruhusu papo hapo, akanipa na nauli." Akanipongeza mbele ya wote, nami nikavimba kichwa.

Ukweli ni kwamba alininyima ruhusa, kwa kuwa wageni wa mbugani walikuwa wengi. Kule kwetu Kidete walizika bila mimi. Niliwapigia simu nikilia kwamba bosi amenikatalia, wakanielewa.

Juzi nilienda kwenye arobaini. Mama mdogo, mjane wa marehemu, alikuwa mkekani na wanawake wenzake. Nikapiga goti. "Shikamoo, mama."

Badala ya kuitikia, alininyooshea simu, na kwenye kioo nikaona nyota tano na jina langu.

"Nisomee wewe, mwanangu," alisema. "Wengine wamenisomea, nikawaambia wanakuzulia."