Gari Lisilokunywa Maji

Jino langu la mbele halikuondoka kwa uzee. Liliondoka na spana. Nilikuwa chini ya kobe letu, nimelalia gunia, navuta nati iliyoshikwa na kutu, mume wangu amesimama juu ananihimiza: "Vuta, mwanamke! Au nguvu umeziacha kwa mama yako?" Nati ikaachia ghafla, spana ikanijia mdomoni. Nikatema damu, nikatema jino, nikamaliza kufunga. Wajukuu wakiuliza habari za pengo hili nawaambia ukweli: bibi yenu alipigana na gari.

Kobe ni jina tulilolipa gari hilo kwa sababu ya mgongo wake wa mviringo. Injini iko nyuma, buti iko mbele, na rejeta, lile tangi la maji ya kupozea injini, halina. Huliwekei maji. Kuna feni ndani ya bati, inavuta upepo na kuupuliza kwenye silinda, injini inapoa kwa upepo huo tu. Mume wangu alikuwa dereva wa ushirika. Ushirika ulipokufa, miaka ile ya ruksa, kila mtu alitafuta cha kuuza, na sisi tulichokijua ni gari. Hili tulilichukua kwa padri mmoja mzungu aliyekuwa anarudi kwao kuzeeka. Lilikuwa bovu, tukalisukuma mpaka nyumbani Sumbawanga, tukaling'oa kiti cha nyuma, tukaanza kubeba dagaa kutoka Kasanga.

Njia ya kupanda kutoka ziwani kuja huku juu Ufipa inaua magari. Malori yalikuwa yanasimama korongoni, utingo wanakimbia na madumu, rejeta zinafoka mvuke. Sisi tulipita. Mume wangu alikuwa akichungulia dirishani na kuwapigia honi makusudi: "Kunyweni, ng'ombe nyie! Sisi tunawahi!" Alikuwa na mdomo yule mwanaume, Mungu amlaze pema.

Ndipo watu wakaanza kuulizana: gari lisilokunywa maji, linakunywa nini? Mwanzoni lilikuwa swali la kilabuni, la kuchekea pombe. Mimi nilicheka nao.

Sasa gari la upepo linataka usafi kuliko bibi harusi. Wakati wa kupura ulezi makapi yanaruka mji mzima, feni inayavuta, yanaziba kati ya mapezi ya kupozea silinda, injini inachemka kimyakimya bila kukuonyesha dalili. Kwa hiyo kila baada ya mavuno tulishusha injini na kuisafisha. Mwaka mmoja tulichelewa. Asubuhi mume wangu akapiga stata, tukasikia kishindo ndani ya bati la feni, halafu mlio ambao chuma hakitoi. Panya alikuwa amezalia humo. Feni ilimsaga yeye na watoto wake. Damu ilichuruzika kwenye mabati, nyama ikanasa mpaka chini kwenye mabomba ya moto.

Tulifungua boliti, tukashusha injini juu ya matairi makuukuu, nikaanza kuosha feni kwenye beseni. Wakati huo huo mke wa jirani yetu, tuliyepakana naye ua, akaingia kuomba kaa la moto. Akaona beseni, maji mekundu, mikono yangu mpaka kwenye viwiko.

"Mama wee! Mmechinja nini?"

Kabla sijafungua mdomo, mume wangu akamjibu: "Usiogope, jirani. Kobe limekunywa chai."

Yule mama hakucheka. Alichukua kaa lake akaondoka. Nikamwambia mume wangu, "Utani wako utatuzika." Akasema, "Watu wa hapa hawajui kucheka." Tuliosha tulichokiona. Ambacho hatukukiona kilibaki, na gari likipata moto lilinuka nyama ya kuungua.

Wiki ile ile, alfajiri, jirani mwenyewe alikuja akipiga mlango kwa miguu. Mikononi alikuwa na binti yake, mtoto wa kutambaa aliyeanza kusimama juzi tu, anawaka homa, macho yamegeuka juu.

"Dereva, niokoe. Niokoe, ndugu yangu."

Hatukuvaa hata viatu. Mume wangu alishika usukani, baba wa mtoto akakaa mbele, mimi na mkewe, aliyemfuata mbio, tukakaa nyuma kwenye magunia, mtoto mapajani mwake. Baridi ya Sumbawanga mnaijua. Mtoto alianza kutetemeka, mama akalia, "Anaganda huyu!" Nikamwambia mume wangu afungue joto. Gari hili joto lake la ndani linatoka moja kwa moja kwenye injini. Akavuta kishikio, joto likaingia, na harufu ikaingia nayo. Nyama. Mama wa mtoto alinusa, akanitazama. Macho yale siyasahau. Alimfunika mtoto pua kwa khanga.

Mtoto alikata roho kwenye geti la hospitali. Nilimfumba macho mimi, kwa mkono huu, kwa sababu mama yake alikuwa ameshikwa na wanawake wawili, anapiga kichwa kwenye mlango wa gari.

Tulizika. Niliteka maji ya msiba, nilipika, nilipita na sahani. Wanawake walizipokea na kuziweka chini bila kula. Hapo nikajua.

Siku ya kuondoa matanga wafiwa walinyolewa, pombe ya ulezi ikanywewa tangu asubuhi. Mimi sikwenda, maana nilikuwa sijaitwa. Nilikuwa uani natandika mkeka chini ya kobe ili nirekebishe tepeti za vali za injini, kazi inayofanywa injini ikiwa baridi, na mume wangu alikuwa kwenye kigoda ananisaidia kugeuza feni. Ua wetu wa matete ukaanguka wote kwa pamoja. Wakaingia. Jirani alikuwa mbele na shoka, nyuma yake vijana na wazee waliolewa, watu niliowasalimia kila siku.

"Toka, mchawi!"

"Shikamooni kwanza," mume wangu akasema. Hata hapo alikuwa anatania. Wakampiga mchi wa kinu kwenye mkono, nikasikia mfupa ukilia kama kuni kavu. Alipoanguka wakampiga mateke ya mbavu.

Mimi sikulia. Nilitoka chini ya gari na spana, nikampiga wa kwanza kwenye taya. Huyo mpaka anakufa alikuwa anatafuna upande mmoja. Wa pili alinishika nywele, nikamuuma mkono mpaka nikaonja chumvi yake. Walikuwa wengi. Walinilaza chini, mtu akanikalia mgongoni, jirani akasogeza shoka mbele ya macho yangu.

"Mtoto wangu aliingia humo anapumua, akatoka maiti. Gari lako halinywi maji. Linakunywa nini? Sema!"

"Linakunywa petroli, mjinga wewe!"

"Fungua! Fungua tuone damu ya mwanangu."

Nikasema moyoni, heri, wataona kwa macho yao. Wakaniachia nikaingia chini, nikaweka beseni, nikafungua nati ya kumwagia oili. Nilidhani oili itanitetea. Ilikuwa imetembea Kasanga miezi, ikatoka nzito, nyeusi, inang'aa, inajivuta. Wakainama juu ya beseni. Halafu sauti ya mwanamke nyuma kabisa ikapasua: "Damu iliyoganda!"

Hapo ndipo walipopata wazimu. Walilishika kobe ubavu mmoja, wakalipindua chali, vioo vikamwagika, jirani akaanza kulikata kwa shoka mlangoni, pa, pa, pa, analia kwa kila pigo. Mtu mmoja alileta chupa ya mafuta ya taa. Mwingine akasema, "Mtieni ndani kwanza, ndipo mchome." Walinikokota kwa khanga mpaka dirishani. Mume wangu alikuwa ananiita chini pale, hawezi kuinuka.

Beseni lilikuwa miguuni pangu. Sikufikiri. Watu hudhani nilifikiri, sikufikiri hata kidogo, nilikuwa na hasira tu. Nililinyakua kwa mikono miwili.

"Kama hii ni damu ya mtoto yule," nikawaambia kwa Kifipa, "ikae tumboni mwangu iniue mbele yenu!"

Nikanywa. Mafunda makubwa. Oili haimezeki, inakataa kooni, lakini niliilazimisha. Ikashuka chini, ikageuka, ikarudi. Nilitapika juu ya miguu ya wale walionishika. Nilitapika oili, nikatapika ugali, nikatapika nyongo, nimepiga magoti, nasukumwa na tumbo kama nazaa. Wakaniachia. Hakuna anayependa kutapikiwa.

"Ametapika!"

Alikuwa mama mzazi wa jirani yetu, bibi wa mtoto aliyekufa. Kichwa chake kilikuwa kimenyolewa asubuhi ile, kinang'aa. Alipita katikati ya wanaume na fimbo yake.

"Mmeona? Ametapika!"

"Mama, kaa pembeni," jirani akamwambia.

Bibi akamchapa fimbo ya uso. Mtu mzima, na shoka mkononi, mbele ya vijana.

"Mimi unaniambia nikae pembeni? Zamani mtu akisingiziwa uchawi alinyweshwa mwavi. Mchawi dawa ilikaa ndani ikamuua. Asiye na kitu alitapika. Mama yangu alinyweshwa, akatapika, akaja nyumbani akanizaa mimi, nami nikakuzaa wewe, pumbavu! Mtu hajaribiwi mara ya pili. Atakayemgusa huyu sasa, mchawi ni yeye."

Vijana hawakuwahi kuuona mwavi, hata mimi niliusikia tu kwa wakubwa. Lakini wazee waliokuwamo walishusha mikono, mmoja mmoja, na vijana walipoona wazee wanatazama chini, wakaanza kutafuta njia ya kutokea. Bibi yule aliwazuia. "Mnakwenda wapi? Mmelipindua, liinueni." Wakaliinua. Lilianguka juu ya magurudumu yake kwa kishindo, na jirani akakaa chini kwenye vioo akalia kama mtoto mdogo.

Nilihara nyeusi kwa siku nyingi. Padri aliniuliza kitubioni kama ni kweli nimekunywa mwavi. Nikamwambia, "Baba, nimekunywa oili ya injini." Hakujua anipe malipizi gani.

Mume wangu, mkono umefungwa plasta, alitaka tuhamie Kirando kwa ndugu zake. Nilimkatalia. Nikiondoka nitakuwa mchawi aliyekimbia, nikibaki nitakuwa mwanamke aliyetapika. Hilo nilikuwa naweza kuishi nalo. Lakini kuishi ukuta kwa ukuta na mtu aliyekusogezea shoka, hilo sikujua kama nitaliweza. Kila nilipomsikia anakohoa upande wa pili, nilishika spana.

Nilianza kulitengeneza gari peke yangu, mume wangu ananielekeza kwa mdomo. Gari likilala chali, oili iliyokuwa haijaisha kutoka inaingia kusikotakiwa, kwa hiyo nilitoa plagi zote kwanza ndipo nikapiga stata, na oili ikaruka kwenye matundu mpaka ukutani. Klachi nayo ilikuwa imelowa. Ikabidi injini ishuke. Kushuka ilishuka, kupanda ikawa kazi. Jeki iliibwa siku ile ya vurugu, na mkono wa mume wangu ulikuwa mmoja.

Jirani alikuja bila kuitwa. Hakusalimia. Alivua shati, akalala chini ya injini kwenye vumbi, akaweka magoti na kifua, akaisukuma juu. Mishipa ilimtoka shingoni. Mimi nilikuwa juu nimeinama ndani ya chumba cha injini, natafuta tundu la boliti, na nati mkononi. Mume wangu alinyamaza, kwa mara ya kwanza maishani mwake.

Uzito wote ulikuwa juu ya mbavu za yule mwanaume. Ningeiyumbisha injini kidogo tu ingetosha kumponda. Yeye alijua. Mimi nilijua.

"Shemeji," akasema, pumzi imebana, "ukitaka kuachia, achia."

Nilimtazama kupitia uwazi wa mabati. Uso wake ulikuwa na alama ya fimbo ya mama yake, haijapona. Nikaona pia mtoto, vile nilivyomfumba macho.

"Nyamaza," nikamwambia. "Inua upande wa kushoto."

Akainua. Boliti ikapita. Nikaingiza nati, nikaikaza mpaka mkono ukaniuma, ndipo nikamwambia atoke.