Radhi ya Bibi Mdogo

Mjukuu wangu alirudi kutoka London wiki iliyopita, na tangu aingie hapa nyumbani Maskati, mtaa wa Madinat Sultan Qaboos, simu yake haitulii. Picha za mto, za daraja, za askari wenye kofia za manyoya. Akaniuliza, kwa lile jicho la huruma vijana wanalotutazamia sisi wazee, kama na mimi nimewahi kufika. Nikamwambia nilifika kabla mama yake hajazaliwa, kisha nikanyanyuka kwenda kumimina chai ambayo hakuna aliyeiomba. Yeye sikumweleza. Wewe mwenzangu nitakueleza.

Nilikuwa na miaka kumi, mwishoni mwa miaka ya sitini. Tulikuwa tumetoka Unguja baada ya mapinduzi, tukapata kukaa Maskati, nyumba ya vyumba viwili na ua. Kazi yangu ilikuwa kuteka maji kisimani asubuhi, na alasiri kusafisha chemni za taa kwa kitambaa na majivu. Bibi, mama yake baba, alikuwa akioka mkate wa kumimina, makaa juu na makaa chini, harufu ya iliki ikijaa uani. Sinema hatukuwa nayo wala televisheni.

Baba alikuwa karani wa kampuni ya Waingereza. Mwaka huo wakampeleka London kwa siku kumi na mbili, wakampa na tiketi ya mkewe. Mama alikuwa ndani ya arubaini yake, mtoto mchanga kifuani, basi bahati ikaniangukia mimi. Nilitangaza mtaa mzima.

Siku mbili kabla ya safari bibi aliniita chumbani, akafunga mlango. Mdogo wake, ambaye sisi tulimwita bibi mdogo, alikuwa akiishi London na mwanawe. Pale bandarini Unguja walipoachana, bibi alimwambia mbele za watu kwamba anayewafuata Wazungu si ndugu yake. Tangu siku hiyo hawakusemeshana. Barua bibi hakuitaka, kwa sababu hakujua kuandika na aliona haya kumwandikisha baba maneno hayo. Akanichagua mimi.

"Mwambie, dada yako anakutaka radhi," alisema. "Kisha msikilize atavyokujibu, uniletee neno lake vile vile, usiongeze kitu."

Nikaapa.

London ilinilewesha. Mabasi ya ghorofa, ngazi zinazokwenda zenyewe chini ya ardhi, samaki na viazi vya kukaanga ndani ya gazeti, njiwa wakila mkononi mwangu. Baba akishamaliza kazi zake tulikuwa tukitembea mpaka miguu ikavimba. Kila siku nilijiambia kesho nitamkumbusha habari ya bibi mdogo, na kila kesho ilikuwa na tamasha lake.

Ikabaki siku moja. Baba akasema kwa bibi mdogo ni mbali, treni mbili, na usiku uleule sarakasi inafunga. Hatuwezi yote mawili. Akaniuliza ninataka nini. Hakujua nilichobeba, na mimi nilikuwa nimekwisha kuliona tangazo lake, farasi weupe wenye manyoya kichwani. Nikasema sarakasi. Nilisema upesi, nisije nikafikiri. Na nilicheka humo, usidhani sikucheka, nilicheka mpaka machozi.

Tuliporudi, wanawake wa mtaa walijaa uani, kahawa na halua, mimi katikati nikisimulia na kuongeza chumvi. Bibi alisubiri wote waondoke. Akaniuliza, kasema nini?

"Kasema yuko radhi nawe. Na yeye anakutaka radhi."

Bibi akasujudu palepale kwenye mkeka. Alilia, akanibusu mikono yote miwili, mikono yangu mimi. Tangu hapo akawa mtu mwingine, akiimba jikoni, akimtaja nduguye kila mlo. Haukupita mwaka akafariki, na uso wake ulikuwa mkunjufu.

Mwaka wa sabini akatawala Sultani mpya, nchi ikafunguka, jamaa wakaanza kurudi kutoka kila pembe. Bibi mdogo akaja na sanduku moja. Alipomaliza kupewa pole aliniita, kwa kuwa alisikia mimi ndiye niliyekuwa nikilala na bibi. Akaniuliza kama dada yake alikufa na kinyongo naye. Nikamwambia yote, mpaka farasi.

Hakupandisha sauti. "Mimi sikuwa radhi naye," alisema. "Nilikuwa nnangoja anitake. Nani kakutuma utoe radhi yangu?"

Halafu akauliza kaburi liko wapi, akavaa buibui, akaenda peke yake.

Aliishi nasi miaka kumi na moja, mpaka alipofariki. Alinifundisha kushona, mwaka wake wa mwisho alinisuka siku ya harusi yangu, na hakumwambia baba hata neno la uongo wangu. Kila Idi, watu wa nyumbani walipokuwa wakitakana radhi, mimi nilimbusu mkono, nikampa Idi njema, nikapita. Niliogopa atanijibu nini.

Maskati ile imekwisha. Kisima kimefukiwa, nyumba yetu imevunjwa, na Kiswahili cha bibi wanakisema wachache. Hayo yananisikitisha kama yanavyomsikitisha mzee yeyote. Aibu yangu ni nyingine. Miaka kumi na moja alilala chumba cha pili, ukuta mmoja tu baina yetu, na sikumtaka radhi.