Kijiji Chetu Hakikutajwa

Asubuhi ile nilikuwa naanika mihogo nyuma ya nyumba yetu, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, upande wa Kongo. Mimi ni Mfipa wa Msanzi, upande wa Tanzania. Niliolewa kule na mvuvi, Kasiani. Alikuwa barazani akishona wavu, akinitania kwamba Kifipa changu kinafukuza samaki. Binti yetu Tereza alikuwa ameenda kisimani.

Wapiganaji waliingia kupitia sokoni. Kamanda wao nilimwona kwa karibu. Kwa sauti ya upole aliamuru wanaume wote waingie kanisani.

"Mfuate Tereza," Kasiani akaniambia. "Usinisubiri."

Nikakimbia.

Kisimani nilikuta ndoo tu.

Nilipogeuka, kanisa lilikuwa linawaka.

Majirani walinivuta ndani ya boti, nami napiga kelele nirudishwe. Tulishukia Kasanga, bandari ya upande wa Tanzania. Nikapanda milima ya Ufipa hadi Mollo kwa kaka yangu, nikalima mahindi na ulezi. Kila mavuno yalipokwisha nilishuka ziwani kuwauliza wenye maboti habari za Tereza. Hakuna aliyemwona.

Miaka ikapita. Redio ikatangaza kwamba yule kamanda amekamatwa ugenini, atahukumiwa na mahakama ya mataifa mengi. Mwanasheria wa mahakama hiyo, mama wa makamo, alinikuta Sumbawanga. Aliniamkia, akanieleza kuwa nchi zimekubaliana: yako maovu ambayo mtu hawezi kuyakimbia kwa kuvuka mpaka. Nilimsimulia yote. Nikamsihi amuulize yule kamanda watoto waliochukuliwa siku ile walipelekwa wapi.

Nilingoja hukumu kama mtu anayengoja mvua shamba limeshakauka. Hatimaye yule mwanasheria alinipigia simu. Kamanda alikuwa amefungwa kwa maovu aliyoyatenda katika vijiji vingine. Chetu hakikutajwa, kwa kuwa shahidi nilikuwa peke yangu; wengine walikufa au waliogopa.

"Mlimuuliza kuhusu Tereza?"

"Tulimuuliza, mama. Alinyamaza. Sheria inampa haki hiyo."

Sisemi kwamba hukumu ile si kitu. Wako wanawake waliosikia majina ya vijiji vyao yakisomwa mbele ya dunia, nami nawafurahia. Kasiani namwombea misa kila mwaka. Padri huniuliza Tereza amweke kati ya wazima au marehemu.

Bado sijamjibu.